Tela ya Kanali

Kule Lanet walinionyesha ya buluu,
inang'aa kama kiatu cha bwana harusi,
bei yake nusu, na muuzaji mcheshi
ananiita mama, ananiita dada, ananiita bosi,
yote kabla sijafunga mlango wa gari.
Nikapiga magoti. Nikatoa kisu cha jikoni mkobani,
nikakidunga sakafuni, pale pembeni
mkojo wa farasi unapojikusanyia.
Kikazama hadi mpini
kama kwenye muhogo uliosahauliwa jikoni.
Muuzaji akacheka: "Kwani utalala humo wewe?"

Sikumjibu. Swali hilo nililijibu
Desemba ile, kwenye mteremko wa Mbaruk:
tela ya kuazima, ubao umeoza chini ya mkeka,
na Zuhura, jike langu la kijivu,
mguu wake mmoja ukikimbia juu ya lami
ilhali gari linakwenda, redio inaimba.
Sisemi zaidi.

Basi nilipofika Shabab, kwa Walubengo,
nilifika mdomo umefungwa, kisu kiko wazi.
Karakana ya mabati, kuku watatu, grenda inalia,
vumbi la Nakuru linatafuta jicho la kuingia.
Tela ipo, lakini uchi: chuma kitupu,
makovu ya kulehemu kama mishono ya upasuaji.
"Mbona hujapaka rangi?"
"Rangi ni sanda," akasema bila kuinua macho.
"Kwanza tuhakikishe hakuna maiti."

Akanitandikia gunia, akanipa tochi, akaniacha.
Nikatambaa chini. Mihimili saba.
Ekseli mpya, na risiti yake, namba kwa namba.
Mnyororo wa akiba, endapo kulabu itasaliti.
Mbao za mkaratusi, unene inchi mbili,
zimeachiana upenyo wa kidole ili maji yapite.
Nikadunga.
Kisu kikarudi na ncha imepinda.
Aliona. Akazima grenda.
"Ulifiwa na yupi?"
Hapo nikamtaja Zuhura, mara ya kwanza
tangu tumfukie nyuma ya tangi la maji, Njoro.

Hakunipa pole. Aliniomba kamba
niliyompimia Kanali kifua, fundo hapa, fundo pale,
akaitundika msumarini juu ya kitanda chake cha kazi,
kama fundi nguo anayeshona koti la mtu mkubwa.
Na Kanali ni mtu mkubwa: amestaafu polo huko Gilgil,
siku hizi hubeba watoto kwenye maonyesho
na mabwana harusi wanaotetemeka kumliko.

Siku ya kuichukua, Walubengo akajifungia ndani.
"Endesha," sauti ikatoka dirisha la hewa.
"Pita relini. Pita matuta ya Kaptembwo.
Usinionee huruma."
Nikaendesha, mtu mzima kasimama gizani
ameshika kizuizi cha kifua kwa mikono miwili,
na wauza mboga wakigeuka kutazama
tela tupu inayopiga kelele: "Kona! Kona, mama!
Sasa kanyaga breki!"
Akatoka amelowa jasho. Ufunguo hakunipa.
"Springi hizi zimezoea kubeba mawe.
Rudi Ijumaa."
Nilikasirika hadi Njoro.
Ijumaa nikarudi.

Deni limebaki elfu tisa, limeandikwa
kwenye daftari lake la hesabu,
chini ya lango la kanisa ambalo nalo halijalipwa.
Rangi nitapaka mwenyewe nikipata. Nisipopata, basi.

Asubuhi hii Kanali ameweka ukwato mmoja
juu ya daraja la kupandia. Amesikiliza.
Ameurudisha. Ameuweka tena, akagonga,
kama mgeni abishaye hodi asikojulikana,
na ubao ukamwitikia kwa sauti nene.
Kamba mkononi mwangu nimeilegeza.
Harusi ni saa nane.
Sina haraka.